Usiniombee Radhi kwa Yule Mzee

Ihembe, Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Kemilembe,

Salamu sikupi. Upo nyuma ya ukuta huu huu unapiga pasi, nakusikia unavyopuliza makaa. Shikamoo yako ya leo asubuhi uliitupa mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo, nami nikaiacha pale pale ilipoangukia. Tangu Jumapili hatusemeshani, na mimi sitaanza. Ndiyo maana nimechukua kalamu yako na karatasi zako bila ruhusa. Mambo ya sweta, ya dawa za malaria na ya kuficha pasipoti, mama yako amekwisha kuyasema mpaka kuku wa nyumba hii wameyajua, kwa hiyo sitayagusa.

Nina neno moja tu. Jumapili, mbele ya mama yako, mbele ya mjomba wako aliyetoka Bukoba na viatu vyake vya ofisini, tukiwa tunakula ndizi nilizozipalilia kwa mikono hii, ulisema kwa ile sauti yako ya kidato cha nne:

"Baba, nikifika, kitu cha kwanza nitamwomba radhi Mzee Okuda kwa niaba yako. Kwa yale mabua."

Mjomba wako akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. "Hapo umesema, binti yangu. Shemeji, huo ndio uungwana."

Mama yako akainamia sahani. Yeye ananijua. Mimi nikatoka nje bila kunawa, na nyuma yangu nikamsikia mjomba wako: "Jamani, mabua tu, mbona anazira?"

Sasa sikiliza, na usinune, maana uso wako ukinuna unafanana na wangu na haukupendezi. Kesho unakwenda Japani kujifunza karatasi kwa yule mzee, na unataka kuomba radhi kwa jambo usilolijua. Lilipotokea ulikuwa unatambaa humu ndani ukila udongo. Unalijua kwa kusimuliwa na mama yako, na mama yako alilisikia kwangu nikiwa nimekunywa rubisi. Nikiwa na rubisi kichwani huwa nalikata katikati ili nifike upesi mahali watu wanapocheka. Leo sijanywa. Leo utalipata lote, halafu tuone huo ulimi wako utasema nini.

Morita, yule Mjapani, alikuja huku vita vimekwisha punde tu, madaraja bado yamevunjika. Alikuwa anatafuta watu wanaotengeneza rubugo, nguo ya gome la mti, akaelekezwa kwa babu yako. Babu yako alikuwa na bwana mdogo mmoja, mimi, kijana mzuri, muulize mama yako ingawa leo atakataa. Darasa la tano nilikuwa nimetoka kwa mlango wa nyuma. Mwalimu alisema nitaishia kwenye migomba. Lakini toka hapa mpaka Kanoni hapakuwa na mtu anayeambua mutoma, mti wenyewe wa rubugo, kutoka juu mpaka chini bila kulichana gome, kama mimi. Wengine nguo zao zilikuwa na viraka kama suruali ya mlevi. Yangu ilikuwa nzima. Morita aliishika, akaipitisha kiganja, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Kwetu pia kuna watu wanaambua miti, wanaponda magome. Lakini wao wanapata karatasi."

Nikamwambia anadanganya.

"Njoo uone," akasema.

Ndivyo nilivyokwenda Japani. Yule mwalimu alikuwa bado hai, nilipita kwake kumuaga. Makusudi.

Mpango ulikuwa nikae kwa Mzee Okuda, mtengeneza karatasi wa milimani, tangu majani ya kule yanapogeuka rangi, nipitie baridi yote, mpaka maua yao maarufu yachanue. Kwanza Morita akanitembeza. Nilichoka na mahekalu, kila moja lina ngazi. Akanipeleka kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, ambako wanaume wote wanaingia uchi kama walivyozaliwa na hakuna anayejali, isipokuwa siku ile, kwa sababu yangu. Mzee mmoja alisogea taratibu ndani ya maji, akanigusa bega, akatazama kidole chake. Nikamgusa bega na mimi, nikatazama changu. Wakacheka wote, na yeye pia. Watakugusa na wewe, nywele hasa. Usilie kama ulivyolia Murongo yule mwanamke wa mitumba alipokushika mkia wa nywele. Rudisha mguso.

Wana jambo lingine, utaliona. Watu wazima wanapanda basi na chakula kwenye visanduku vidogo, wanakwenda mlimani kutazama majani yanayokufa. Nilimwambia Morita kwetu mti ukifikia hali hiyo tunaufanya kuni. "Tazama kwanza," akasema. Nikatazama. Hili sikumwambia yeye, nakwambia wewe: mlima wote ulikuwa mwekundu, kana kwamba mibuni ya wilaya nzima imeiva siku moja na hakuna aliyeitwa kuichuma.  

Basi nikafika kwa Okuda. Mfupi, mkavu, mikono myekundu kwa kushinda kwenye maji baridi. Nilimpa nyundo yangu ya kupondea, ile yenye mifereji aliyoichonga babu yako. Akaigeuza, akaitazama kama mtu anayetafuta bei, akaiweka chini. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Hapo hapo nikamchukia.

Kazi yao utaiona mwenyewe. Sisi mti tunauvua, tunaufunga majani ya mgomba ukapona, mwakani unavaa gome jingine. Wao kichaka chao wanakikata chote mpaka kisiki, wakati wa baridi, wanavipika vijiti ndani ya pipa la mbao, na nyumba nzima inanukia viazi vitamu. Gome likishatoka wanalipika tena kwa majivu, halafu unakaa kwenye maji ya mto, theluji kandokando, unatoa kila kidoa cheusi kwa vidole. Nilimaliza beseni langu, nikampelekea. Akanirudishia. Nikarudia. Akanirudishia. Nilitaka kummwagia usoni. Atakurudishia na wewe, tena mbele ya watu, na hutajua kama anakuchukia. Huenda anakuchukia kweli. Fanya kazi. Mimi miaka ile nilidhani mtu lazima anipende kwanza ndipo nifanye kazi yake vizuri, nikajipotezea mengi ambayo ningeyaiba kwa macho tu.

Katika nyumba ile nilipenda mtu mmoja, mama yake Okuda. Kizee, amepinda mpaka uso unaitazama ardhi, na hana jino. Nilimwita Bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, akaitika. Nilikuwa nimebeba kahawa yetu ya kutafuna, nikawagawia siku ya kwanza kama inavyompasa mgeni. Okuda alitema. Mkewe alitema kwenye leso. Bibi aliiweka shavuni akakaa nayo mpaka jioni kama pipi, na kesho yake akaja kwangu na kiganja wazi. Yeye alikuwa ananitilia mkononi matunda yao makavu, yale wanayotundika chini ya paa kama shanga. Hatukuwa na lugha. Tulikuwa tunasemezana tu, yeye chake, mimi Kinyambo changu, na kila mmoja anamjibu mwenzake.

Mwisho wa mwaka wanatwanga wali mzito kwenye kinu cha mti kwa nyundo ndefu, mpaka unakuwa kama ulimbo. Wanaume wa kijiji walipiga kwa zamu huku wanahema kama ng'ombe wa kulima. Nikasema leteni. Kemi, mimi nimeponda magome tangu nina umri wa kuchunga mbuzi. Nilipiga mpaka wakaacha kucheka. Na Bibi, yule kizee aliyepinda, alipiga magoti kando ya kinu akawa anaingiza mkono kugeuza wali kati ya pigo na pigo. Ningekosea mara moja tu ningemvunja. Hakunitazama hata mara moja. Aliusikiliza mpigo wangu kama unavyousikiliza wewe unapopokezana nami nyundo kwenye gogo. Hata Okuda siku ile alilegeza mdomo kidogo.

Ndiyo iliyoniponza. Nilidhani sasa mimi ni mtu wa nyumba.

Wageni walikuwa wanakuja kesho yake kwa mwaka mpya, ndugu wa mjini. Kwetu wageni wa sikukuu wanatandikiwa nyasi. Hili halihitaji kuelezwa, ulilala juu yake kila Krismasi mpaka ulipoanza kuona haya za sekondari. Mgeni akiingia akakuta sakafu tupu anajua hakutakiwa. Pale ndani wana mikeka mizuri, minene, lakini ya kwa Okuda ilikuwa imegeuka manjano na katikati imechakaa. Nikaona haya kwa niaba yao. Okuda na Morita walikuwa wamekwenda mjini kununua vitu, mkewe yuko jikoni na moshi wake. Nikatoka kutafuta nyasi. Theluji tupu. Ndipo nikaingia kwenye banda na kuyakuta, mafungu ya mabua ya mpunga, yamekatwa mabichi, yamekaushwa kivulini, bado ya kijani, yananukia kama bonde letu asubuhi ya kukata nyasi. Mtu hawezi kuficha kitu kizuri hivyo bandani wageni wanapokuja. Nikaona wamesahau.

Nikatandika. Nilitandika kama alivyotandika bibi yako, kutoka mlangoni mpaka mahali pa heshima, vichwa vyote vikitazama ndani. Bibi akatokea. Akasimama. Nikamfanyia ishara, karibu. Akakaa katikati, akapitisha kiganja juu ya mabua, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini. Sikuelewa hata moja. Akachukua ubua mmoja akautia mdomoni, akalala ubavu, kama mtoto.

Hivyo ndivyo walivyotukuta. Okuda mbele, Morita nyuma, wageni wa mjini wamejaa mlangoni.

Okuda hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na Morita akabadilika rangi.

"Anasema hayo ni mabua ya kamba ya mwaka mpya. Anaukata mpunga ukiwa bado mchanga, kwa kazi hiyo tu. Kamba inafungwa juu ya mlango kwa ajili ya miungu. Hayakanyagwi."

Nikasema, "Mwambie miungu ikija itapita mlangoni, itaingia ndani. Ikishaingia itakanyaga nini?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Sema."

"Siwezi, rafiki yangu."

Nikamwonyesha mwenyewe kwa mikono, juu, mlango, miguu, sakafu. Okuda alielewa. Akasema niokote, ubua mmoja mmoja, mbele ya wageni. Halafu akamwambia mama yake ainuke. Bibi hakuinuka. Alijifanya hasikii, na mimi nilijua anasikia vizuri sana. Okuda akamshika chini ya kwapa akamwinua, na yule kizee akainuka huku amekumbatia mabua kifuani, mmoja ukamponyoka, ukaingia ndani ya nguo ya mgeni mmoja, na hakuna aliyecheka.

Sikuokota. Nilikunja mikono nikasimama pale, na wanawake wa wageni wakaokota wakiwa wamepiga magoti kunizunguka. Kuanzia siku ile Okuda hakuniruhusu kuingia chumba cha karatasi. Nikawa wa kupasua kuni. Morita alinisihi kila siku niseme neno moja tu la radhi, akanifundisha na namna ya kuinama. Nikamwambia mgongo wangu una tatizo. Mwishowe akanirudisha nyumbani kabla maua hayajachanua. Maua yenyewe, aliniambia Morita kwa mdomo wake, hayana harufu. Mibuni ikichanua hapa Ihembe, mtu anayetoka Bugene anaijua kabla hajaiona. Basi sikupoteza kitu.

Sasa unajua. Hilo ndilo unalotaka kwenda kuliombea radhi, wewe, ili upate chumba kizuri.

Ndiyo, nimesema. Hukuwa unanihurumia mimi Jumapili. Unataka kufika pale ukiwa binti safi wa baba mchafu. Unaniweka chini mlangoni ili upanguse viatu uingie. Ningekuwa na miaka yako ningefanya hivyo hivyo, na ningefanya kwa ujanja zaidi, si mezani mbele ya shemeji.

Na usidhani sielewi upande wa yule mzee. Nimeuelewa hapa hapa, wala haikunichukua safari. Babu yako alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa nimemwekea rubugo ya kumzikia, ile kubwa, niliyoiponda mwaka mzima kwa kuiacha na kuirudia. Mjomba wako akaja kumtazama mgonjwa, ameongozana na mkubwa wake wa kazini. Akaiona juu ya boriti. Akaishusha, akaitandika nje kwenye majani, akamkalisha mkubwa wake juu yake na kikombe cha chai. Alitaka kumheshimu mgeni. Alidhani nimesahau kuitoa. Ulikuwepo, ulikuwa na miaka ya kubeba sinia, na ulimwona mkubwa wa watu akikimbia na viatu mkononi huku mimi namfuata. Mjomba wako mpaka leo anaamini mimi ni kichaa, na mpaka leo hajaniomba radhi. Kwa macho yake hakukosa. Na mimi, nikimtazama pale mezani anavyokula ndizi zangu, najua hakukosa. Wala simsamehi.

Kwa hiyo Okuda namwelewa mpaka kwenye mfupa. Ile kamba aliikosa mwaka ule kwa ajili yangu. Lakini kumwelewa mtu ni jambo moja na kumwinamia ni jingine. Yeye alichezewa mabua yake. Mimi nilimwona bibi mwenye furaha akiinuliwa kama gunia. Tukiwekwa mizani sijui nani atashuka, na wewe hujui pia, na ndiyo maana nakukataza kuitia kidole hiyo mizani. Radhi yangu kama ipo ni yangu. Haibebwi kwenye begi la mtu mwingine katikati ya sweta.

Utakuwa na makosa yako. Usinitazame hivyo, wewe ni mwanangu, yatakuja kabla hujajua choo kiko wapi. Hayo yaombee radhi. Upesi, kwa kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka, hata kama umeonewa nusu. Mimi sikuweza, na ubishi wangu ulinifungia chumba nilichovuka dunia kukiona. Sijui mpaka leo maji yale yanageukaje kuwa karatasi. Nimewaambia watu wa Ihembe kwamba najua, nimewaeleza hata kwa michoro kwenye udongo. Utaniletea ukweli, na utanieleza nikiwa peke yangu.

Na usikubali kuwa mtu wa kutembezwa tu, leo majani, kesho theluji, keshokutwa maua, unapigwa picha chini ya kila mti. Wewe umeponda gome. Hapa walikucheka, binti anashika nyundo ya wanaume, na nilimtoa mtu mmoja uwanjani kwa jambo hilo ingawa sikukwambia. Wakikupa kazi ya jikoni, ifanye, halafu siku ya kutwanga wali simama useme leteni.

Kesho sitakusindikiza. Mjomba wako atakubebea begi, amezoea kubeba vya watu. Mimi nina mutoma wa kuambua, uko juu ya barabara pale gari linapopunguza mwendo kwenye kona, na nimeuchagua kwa sababu gome lake limeiva, si kwa sababu nyingine yoyote. Gome likishaanza kutoka mtu haachi katikati. Usinipungie mkono, mikono yangu itakuwa imejaa.

Ukifika kwa yule mzee, na ukaona kweli huwezi kulala ndani ya nyumba ile bila kusema kitu juu yangu, basi nakupa maneno. Usiongeze wala usipunguze, na usiiname wakati wa kuyasema. Mwambie baba yangu anasema yale yalikuwa mabua mazuri kuliko yote aliyowahi kutandika.

Akikasirika upya, mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza, nyamaza naye, usimalizie kwa radhi. Kisha nenda kwenye beseni lako.

Mimi baba yako. Jina langu lifike kule kama lilivyo.